Kijidudu Kinachonishinda Uongo

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nina hasira! Muriithi, daktari wa kliniki yetu hapa Mweiga, ameniambia nina klamidia, ugonjwa wa zinaa. Tunaimba besi pamoja kanisani, na ameniambia kwa sauti hiyohiyo ya besi. Eti kijidudu kinaingia ndani ya seli na kuzichezea protini zinazopeleka ujumbe. Kinatoa amri kwa jina la mwenye nyumba. Seli inakifungulia mlango yenyewe. Ikitaka kujiua ili kife nayo, inaambiwa tulia. Mshenzi! Mimi sijawahi kudanganya vizuri hivyo.

Dawa ni siku saba, yangu na ya Kabura, mke wangu. Muriithi amesema nimwambie ukweli, kwani asipotibiwa huenda asizae kamwe. Tunatafuta mtoto mwaka wa nne huu. Nimeogopa. Lakini ukweli? Hapana.

Jumanne, 3 Juni
Kama kijidudu kinaweza, mimi je? Nimenunua laini mpya, nikamtumia Kabura ujumbe kwa jina la ushirika wa maziwa: wanachama wote wameze dawa ya minyoo, mumeo anazo. Kabura amesoma, akauliza tangu lini ushirika ukamwita mpenzi. Vidole vyangu! Vimezoea.

Jumatano, 4 Juni
Nimesaga vidonge vyake nikatia kwenye uji. Ameonja, akasema ni mchungu, akampa ndama. Ndama sasa hana klamidia.

Alhamisi, 5 Juni
Kabura alijua! Alipimwa wiki jana kliniki nyingine, anameza dawa zake tangu Jumamosi. Eti alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Eti miaka minne mama yangu anamwita tasa, nami nakula ugali kimya. Hakupiga kelele hata kidogo. Amefunga nguo, ameenda kwao Tetu. Nimeketi juu ya ndoo ya kukamulia, nikalia kwa hasira. Hasira kwa Muriithi, kwa kijidudu, kwa mama. Kwangu pia, lakini kidogo.

Ijumaa, 6 Juni
Siumwi tena, kwa hivyo nimeacha vidonge. Vilivyobaki nimeweka akiba, huwezi jua.

Kesho naenda Tetu na wazee wawili na kondoo dume mnene. Desturi inataka mume akiri kosa mbele ya baba mkwe. Haya, nitakiri! Nitapiga magoti, nitatoa machozi, nitasema yote: nilikalia choo kibaya pale ushirika wa maziwa.