Vidole Viwili vya Kitambaa

Jumatatu, tarehe 6
Shule imeisha. Sasa napiga pasi katika karakana ya ushonaji ya Shangazi. Shangazi kasema: kati yangu na Binamu, atakayeleta wateja watatu kabla ya Jumamosi jioni ndiye atakayefundishwa kukata nguo. Binamu tayari anatamba. Mdomo wake haupumziki, wateja wanampenda. Mimi mteja akinitazama tu, nahesabu vifungo. Sauti sina. Lakini simu ninayo!

Jumanne, tarehe 7
Nimepata programu ya mafundi. Hutafuta wateja yenyewe! Imeomba majina yote yaliyomo simuni. Nimekubali. Ikauliza kama nina uhakika. Ndiyo. Uhakika kabisa? Jamani, hata bibi harusi haulizwi hivi. Ndiyo!

Jumatano, tarehe 8
Balaa. Programu imewaandikia watu wote mia na kumi na wawili, kwa jina langu: “Nguo zimeanza kukubana? Njoo nikupime kiuno.” Daktari wa meno kapata. Mwalimu mkuu kapata! Mama yule hata kukohoa mbele yake nilikuwa naogopa. Binamu kausoma ujumbe kwa sauti, mara mbili, mikono kiunoni.

Nimemuuliza fundi simu kwa nini programu haikunizuia. Akasema imekuuliza mara tatu, mdogo wangu, ulitaka ikuchape?

Labda kidogo.

Alhamisi, tarehe 9
Mteja mmoja kaagiza gauni limbane, kitambaa cha ziada kikatwe chote. Shangazi kaitikia sawa, dada. Kisha, kimya kimya, kaacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, kama kawaida yake. Nikauliza, si kumdanganya huko? Akasema huyu kila mwaka huapa hatanenepa, na kila mwaka hurudi analia nimpanulie.

Nimewaza hadi nimeunguza kola. Kwa nini simu haikuniachia vidole viwili? Lakini ingeniachia bila kuniambia, ningekasirika. Halafu ningeshukuru. Halafu ningekasirika tena. Nani anajua kipimo cha haki?

Ijumaa, tarehe 10
Mwalimu mkuu kaja! Na dada yake! Kaninong'oneza kwa ukali: nani kakwambia zinanibana? Nikahesabu vifungo. Wote wawili wameagiza magauni. Binamu kaenda kupiga pasi bila kutumwa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Bado mmoja.

Jumamosi, tarehe 11
Daktari wa meno kaja na suruali yake. Watatu! Shangazi kanikabidhi mkasi, kwa masharti mawili: niache vidole viwili daima, na ile programu niifute. Nimeifuta mbele yake.

Kwa usalama zaidi nimepakua nyingine, ya kumlinda mtu na papara yake mwenyewe. Maelezo kurasa arobaini. Imeomba majina yote, kamera na sauti. Ni haki yake. Mlinzi asiyejua nyumba atalinda nini? Nimekubali. Haikuuliza mara ya pili. Hiyo ndiyo heshima!

Mwalimu mkuu yuko nyuma ya pazia, anajaribu gauni; dada yake anasubiri zamu. Simu yake imelia. Sasa ya dada yake. Sasa ya Shangazi, na kwenye skrini yake naona jina langu.