Naomba Nirudishiwe Maumivu Yangu ya Mgongo

Kwa Daktari wa Viungo,
Zahanati ya ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Alhamisi, asubuhi.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUPONYWA KUPITA KIASI

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe pamoja na ile mashine yako ya kupimia presha ambayo hunikumbatia mkono kama ndugu aliyenikosa siku nyingi.

Mimi ni yule fundi cherehani uliyemwandikia tiba ya yoga miezi mitatu iliyopita, Jumanne na Alhamisi, baada ya vidonge kugonga mwamba. Bila shaka unanikumbuka, maana niliingia kwako nikitazama viatu vyako badala ya uso. Siku ile niliomba nipunguziwe maumivu. Sikuomba yaondolewe yote.

Ili uone uzito wa jambo, sharti nikueleze yalikotoka. Miaka sita iliyopita mimi na mdogo wangu, ambaye ni seremala, tulikuwa tunateremsha kabati la nguo la mama yetu kwenye ngazi. Kabati alilitengeneza mdogo wangu mwenyewe, kwa mbao nzito ajabu. Yeye alikuwa chini, mimi juu. Tulipofika kwenye kona kabati likayumba, likanivuta, nikakaa kwenye ngazi kwa kishindo na mgongo ukaitika. Hapo hapo nilitangaza mbele ya mama na majirani kwamba mdogo wangu ndiye aliyeachia. Yeye alilisimamisha kabati, akaenda zake. Tangu siku hiyo hatusemeshani.

Kwa hiyo, Daktari, ule haukuwa mgongo tu. Ulikuwa shahidi wangu. Kila mama alipotusihi tupatane, mimi nilishika kiuno, nikaguna, na kesi ikaishia hapo. Sasa nayaleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Mwalimu uliyenipeleka kwake (sisi wanafunzi tunamwita Mwalimu Pumzi, kwa kuwa kila ukimuuliza jambo anakwambia vuta pumzi, nilimuuliza kwa nini dirisha halifunguki, akaniambia vuta pumzi) alinipigisha magoti na mikono sakafuni, akaniagiza niinue mgongo kama paka. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wa kuoa! Hilo nimemsamehe. Ninacholalamikia ni kwamba dawa ilifanya kazi. Wiki ya nne sindano ilidondoka, nikainama nikaiokota, na nilipokumbuka kuguna nilikuwa nimeshasimama. Mke wangu aliona kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini.

2. Mtaani kwetu naitwa Bwana Mgongo. Ni jina la heshima. Nikiingia mahali, watu hunipisha kiti, tena chenye mto. Juzi jirani yangu mshona viatu, bila haya wala soni, aliniita nikamsaidie kusukuma meza. Nikasukuma. Mbaya zaidi, nilifurahia.

3. Hasira zangu zimepotea. Zamani nilikuwa naamka nazo zikiwa kali kama mkasi mpya, nikiketi kwenye cherehani tu namuwaza mdogo wangu, na suruali inakwisha bila mimi kujua. Siku hizi namaliza kola nzima nikipiga mluzi. Nazitafuta hasira sizioni. Mwalimu Pumzi anasema mwili huhifadhi yale ambayo mdomo umekataa kuyasema. Mke wangu naye anasema nyumba imekuwa na raha, kauli iliyoniumiza sana, kwa sababu miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia kwamba haikuwa nayo.

4. Mwisho wa kila kipindi tunalazwa chali, macho tumefumba, tunatulia kama maiti. Jumanne iliyopita simu ya mzee mmoja, mstaafu wa posta, anayelala mkeka wa jirani, ikaita dirishani katikati ya ule ukimya. Mkono wangu wa kulia ukaruka wenyewe kwenda mfukoni. Na hapo, Daktari, nikakumbuka jambo la siku ile ya ngazi, jambo ambalo si la kuandikwa kwenye barua ya kiofisi. Machozi yakanitoka mpaka masikioni. Watu kumi walikuwepo. Mwalimu aliniletea kitambaa, akaniambia niache tu yatoke. Nilikuja kwenu kutibiwa mgongo. Nani aliwapa ruhusa ya kwenda mbali kiasi hicho?

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mama amezeeka na ngazi zimemshinda, kwa hiyo Jumamosi hii anahamia chumba cha chini. Kabati lile, ambalo baada ya ajali lilirudishwa juu na vibarua, lazima literemke tena. Mama amesikia kwamba nimepona. Amepiga makofi, akasema hataki vibarua tena, kabati litabebwa na wanawe wawili, na asisikie habari ya mgongo. Mimi nitasimama juu, mdogo wangu chini, kwenye ngazi zile zile, tukitazamana uso kwa uso bila shahidi wangu. Naogopa, Daktari. Nakwambia ukweli, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa sindano yako.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, naomba nirudishiwe maumivu yangu kabla ya Ijumaa jioni, hata nusu yake. Ikishindikana, Mwalimu Pumzi aniandalie kipindi kimoja cha kurudi kinyumenyume, anifundishe kupumua vibaya na kukaa nimejikunja. Na hilo nalo likishindikana, niandikie cheti chenye mhuri kisemacho kwamba mgongo huu unaonekana mzima lakini usiaminiwe.

Nifikishie salamu kwa dada wa mapokezi, kwa wenzangu wote wa mikekani, kwa yule mstaafu wa posta na simu yake, na kwa Mwalimu Pumzi, ambaye sina kinyongo naye, na hiyo pia ni hasara aliyonisababishia yeye.

Wako katika utii,
Fundi Cherehani
(aliyenyooshwa bila ridhaa yake)

N.B. Barua hii sikuileta siku niliyoiandika. Nikiwa njiani nilipitia karakana ya mdogo wangu, nimwambie tu kwamba Jumamosi nisihesabiwe. Nikamkuta anatoa ubao juu ya rafu. Aliutoa kwa mkono wa kushoto, akiwa amepanda kwenye kigoda, na fundi yule si wa mkono wa kushoto. Nikasimama mlangoni nikavuta pumzi, nikamwambia lile la kwenye ngazi: kwamba simu ya mteja wa gauni la harusi iliita, nami nikaachia mkono mmoja niipokee. Akasema, "Najua, kaka. Niliisikia ikiita." Leo ni Jumamosi, kabati limefika chini salama. Tulilibeba polepole, simu yangu akiwa nayo mama. Tafadhali ichane barua hii, ila niwekee mikeka miwili Jumanne, karibu na dirisha. Wa pili ni wa mdogo wangu. Bega lake la kulia haliuruhusu mkono kupanda juu ya sikio tangu siku ile, maana yeye ndiye aliyebaki ameshikilia.