Swali Moja la Docteur Taji

Kama maneno yangekuwa matofali, Tajudini angekuwa na ghorofa Kinindo kwa matajiri. Kwa kuwa si matofali, alikuwa na chumba cha kupanga Buyenzi, mchumba aitwaye Hayat, na nusu tu ya mahari.

Bahati ilimkuta amejibanza kivulini nje ya saluni ya Waridi. Ndani, Waridi alikuwa anang'oa nywele za kidevu cha mteja kwa uzi, na mteja alikuwa analalamika.

"Docteur ameniandikia examen, vipimo vya homoni. Anasema labda ovari ziko na tuvimbe tudogo-tudogo. Lakini bei ya kupimia damu labo, wee! Nikaikunja karatasi, nikaiweka."

"Hauko peke yako," Waridi akamjibu. "Kila siku wanakaa hapa, ndevu zinaota, siku zao zimepotea."

Huzuni yote hiyo ilimpita Tajudini sikioni. Alichosikia ni "bei".

Kesho yake Tajudini akaingia saluni akijiita Docteur Taji, koti jeupe, barakoa mpya, mkononi sanduku lenye mshale na vibanio viwili, chekundu na cheusi. Sanduku lilitoka garaji ya baba yake, ambako hadi siku ile lilikuwa limepima betri za magari kwa uaminifu mkubwa.

"Madame, mi napima homoni bila sindano, bila damu. Unashika hizi vyuma, mushale unaongea. Bei ni nusu ya labo."

Waridi akalitazama sanduku, kisha akamtazama docteur. Yeye mwenyewe aliwahi kuumwa ugonjwa huo, akapimwa, akatibiwa, na alilijua vizuri swali ambalo kila daktari wa kweli huuliza.

"Na hauniulize kitu?"

"Kitu gani?"

"Siku zangu, nimeziona mara ya mwisho lini."

Docteur Taji akakohoa. Hapa inabidi tumstahi kidogo. Bwana huyu aliwahi kumuuzia fundi wa mafriji friji isiyo na mota. Lakini mama yake alimlea kwa adabu kali, na mambo ya wanawake hayakutajwa mbele ya wavulana hata kwa mafumbo. Swali lile liligoma kupita kooni mwake.

"Mashine… mashine itaona yenyewe," akasema, jasho likimtiririka hadi barakoa ikateleza chini ya kidevu.

Hapo Waridi akaijua sura. Aliiona mara nyingi kwenye simu ya Hayat, mteja wake, katika picha za uchumba. Hayat huyohuyo alilia kwenye kiti kile wiki iliyopita: miezi inapita bila kuona siku zake, akiba yote ya mama imeingia harusini, na mchumba hajaambiwa. Hasira ikampanda Waridi. Kisha akatabasamu, na tabasamu la Waridi ni jambo la kuogopwa.

"Karibu sana, docteur. Jumapili nitakuitia wamama, saluni haitawatosha. Ila siku hiyo mi nafunga kazi yangu. Caution, pesa ya dhamana, unaleta leo."

"Ngapi?"

Waridi akataja. Ilikuwa karibu sawasawa na ile nusu mahari. Tajudini akawaza foleni ya wamama na pochi zao, mate yakamjaa, akaenda mbio kuleta pesa zile za mahari.

Jumapili viti vilipangwa hadi ukutani. Akaingia mteja mmoja tu, amejitanda mtandio, akaketi na kushika vibanio bila kuambiwa. Alikuwa Mama Hayat, mkwe wake mtarajiwa, ambaye mbele yake Tajudini hajawahi hata kutafuna chakula.

"Docteur, mi siko mugonjwa. Ni binti yangu. Siku zake zimekatika, na anaogopa kuambia muchumba wake. Anasema atamukimbia. We mutu wa kusoma, niambie: atakimbia?"

Tajudini alikuwa ameshatoa mguu mmoja mlango wa nyuma. Mguu ukabaki palepale. Alikumbuka jinsi Hayat alivyoacha kucheka miezi hii, na yeye akadhani amechoka kungoja mahari. Akavua barakoa.

"Mama, ni mi. Sitakimbia."

"Najua ni we. Hiyo sanduku si ndiyo ilipimaka taksi ya marehemu bwana yangu?"

"Basi… ile caution…"

"Iko labo," Waridi akajibu nyuma ya pazia. "Damu ya Hayat wameshaitoa. Merci, docteur."

"Na mahari?"

"Mahari utaanza upya," akasema Mama Hayat.

Majibu yalipotoka walikwenda watatu kwa daktari wa kweli, Tajudini akiwa katikati ya Hayat na mama yake. Daktari akasema ni zile ovari zenye tuvimbe, dawa zipo, na wengi wenye hali hiyo wanazaa. Kisha akashika kalamu, akauliza swali lake.

"Mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

Hayat akainamisha kichwa. Mama Hayat akageukia dirisha, kwa heshima. Jasho likamtoka Tajudini kama siku ile ya saluni. Halafu, kwa sauti iliyowafikia hata waliokaa kwenye benchi la nje, akataja tarehe aliyokwisha kumuuliza Hayat mwenyewe, akataja mwezi, akaongeza kwamba ilikuwa Ijumaa.

"Alhamisi," Hayat akamsahihisha, na kicheko kikamtoka.