Vizibo vya Tangawizi

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Msiba. Klabu ya mchezo wa matufe ya hapa mjini kwetu Yarrawidgee imeamua kutoa kaseti ya vibao bora vya bendi yetu ya zamani, Vumbi la Reli. Bendi ilikufa mwaka 1971. Tulirekodi santuri mbili, nyimbo ishirini, na kwa kumbukumbu yangu hatukuwahi kuwa na kibao hata kimoja. Vibao bora vya watu wasio na vibao!

Ubaya wa albamu za namna hii ni rahisi kuueleza. Chukua keki. Kwangua sukari yote ya juu, uile peke yake. Utapata kichefuchefu, na keki itabaki uchi. Wimbo mnyonge una kazi yake: humpumzisha msikilizaji, humwandaa kwa ule unaofuata. Ukizing'oa nyimbo kutoka kwa majirani zao, unapata umati, si familia.

Huo ni ubaya wa jumla. Ubaya unaoniuma mimi ni mwingine. Kaseti itabeba nyimbo kumi na mbili. Nane zitaachwa. Wimbo wangu, "Taa ya Stesheni", ni wa mwisho, upande wa pili, santuri ya pili. Hakuna aliyewahi kufika huko ila waliokuwa wamesinzia. Lakini ubeti wa pili anaimba Merle, mke wangu. Hakurekodi kitu kingine maishani mwake. Ana miaka sita kaburini.

Santuri yangu? Niliiacha juani kwenye kiti cha nyuma cha gari, Januari 1979, tukitazama kriketi. Joto liliikunja kama kofia. Merle hakunigombeza. Aliijaza udongo, akapanda maua ndani yake.

Clarrie Bunce, aliyekuwa mwimbaji wa bendi, anayo nyingine, safi. Mji mzima unajua. Ningeweza kumwomba. Haiwezekani! Mwaka 1971, kwenye harusi, Clarrie alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kodiani yangu inaivuta bendi nyuma kama trela la kondoo. Hatujasemezana tangu siku hiyo.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimekwenda klabu kuuliza nyimbo zitachaguliwaje. Noelene, katibu, niliyemfundisha jiografia akiwa na meno mawili ya mbele tu, akanionyesha mitungi ishirini ya kioo juu ya kaunta. Kila mtungi una jina la wimbo. Ukimaliza chupa yako, unatumbukiza kizibo katika mtungi wa wimbo unaoupenda. Kuhesabu ni Ijumaa, baada ya bahati nasibu ya nyama. Nikauliza kuhusu wanaokunywa bia ya bombani kwa glasi. Akasema, "Mwalimu, si wanywe chupa!"

Clarrie alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwangu. Akamwomba Noelene amwambie Profesa, yaani mimi, kwamba wimbo wa wakata manyoya ya kondoo utashinda, na kwamba Clarrie ndiye aliyeuimba. Nikamwomba Noelene amwambie Clarrie kwamba mtu hawezi kujisifu kwa wimbo ambao kondoo wangeuimba vizuri zaidi. Noelene akasema yeye si simu.

Hadi jioni mtungi wangu ulikuwa na kizibo kimoja. Changu.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimebadili msimamo kuhusu albamu za vibao bora. Kwa sababu za kitaaluma tu.

Nilisimama kando ya kaunta nikawaeleza wanachama faida yake kuu. Albamu ya namna hii ni kama mashua ya uokoaji. Humtoa aliyezama mwisho wa upande wa pili, ikamweka kando ya nahodha. Mtu asiyeweza kukaa na santuri nzima humpata msanii mzima kwa nusu saa. Nilitoa mifano saba. Nilikuwa nimefika wa tano nilipoona wafugaji wawili wamehamia nje, kwenye nzi. Mzee mmoja akatumbukiza kizibo chake katika mtungi wa wakata manyoya huku akinitazama machoni. Akasema, "Nisamehe, Athol, lakini nataka kula kwa amani."

Kushawishi watu kwa ukweli hakufai kitu. Nimelikumbuka kopo la biskuti stoo.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimefanikiwa!

Nieleze kwa utaratibu. Kwa miaka mingi nilihifadhi vizibo vyangu vya chupa kwa ajili ya kuwafundisha watoto kuhesabu. Kopo lilijaa. Saa sita mchana Noelene hutoka kukagua nyasi za uwanja, na kaunta hubaki bila mtu. Nikapitia mlango wa nyuma. Msimu huu wale ndege weusi-weupe wana viota katika mti wa pale na humshukia kila apitaye, kwa hiyo nilivaa kichwani kopo la aiskrimu lililochorwa macho nyuma ya kuwatisha, kama mtu yeyote mwenye akili avaavyo mwezi Oktoba. Ndege akanishukia hata hivyo. Mara tatu. Shingo inavuja damu.

Lakini nilimimina vizibo mia moja arobaini na vitatu, na hakuna aliyeniona. Merle, unarudi nyumbani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nataka kufa.

Klabu ilijaa. Clarrie alishinda paja la kondoo katika bahati nasibu. Kisha Noelene akaanza kumwaga mitungi mezani, mmoja baada ya mwingine. Wakata manyoya: vizibo sitini na kimoja. Makofi. Akaumwaga wangu. Vikatawanyika hadi sakafuni. Nikashusha macho kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Noelene akaokota kimoja. Akaokota cha pili. Akasema vyote ni vya soda ya tangawizi.

Yule mzee wa juzi akauliza kwa sauti ni nani hapa anakunywa tangawizi. Vichwa tisini vikanigeukia. Katika klabu hii yote, bwana, ni mimi peke yangu nisiyekunywa bia. Nilimwahidi Merle mwaka 1954, na sijawahi kuivunja ahadi hiyo. Nimeangushwa na uaminifu wangu mwenyewe!

Nilijaribu kueleza kwamba pengine wanachama wamebadili mazoea kwa sababu za kiafya. Mtu akapaza sauti: "Mwalimu, kaa chini kabla hujajipa sifuri!" Wakacheka hadi wakafuta machozi. Noelene, bila kunitazama, akasoma kanuni: wimbo uliopewa kura za wizi unafutwa.

Clarrie peke yake hakucheka. Alimuuliza Noelene kama umefutwa kabisa kabisa. Akajibiwa kabisa. Akaitazama chupa yake kidogo, akaondoka. Paja la kondoo alilisahau mezani.

Jumatatu, 11 Oktoba

Siku tatu sijatoka nje. Nimekula mkate mkavu na jemu. Nimejaribu kuikumbuka sauti ya Merle akiimba ule ubeti, na ninachopata ni maneno bila sauti, kama mtu anayesema nyuma ya dirisha lililofungwa. Zamani nilikuwa naipata.

Nimerudi katika msimamo wangu wa awali. Nimeliandikia gazeti letu la wiki barua ya kurasa nne kuthibitisha kwamba albamu za vibao bora ni makaburi ya muziki, na wanaozitengeneza ni wachimba makaburi. Nimetia sahihi jina kamili.

Jumamosi, 23 Oktoba

Maonyesho ya Kilimo. Kaseti imetoka leo. Barua yangu pia.

Noelene alinikabidhi kaseti karibu na banda la kondoo dume, akasema niangalie namba kumi na mbili. "Taa ya Stesheni"! Nilimwambia ulifutwa. Akasema ndiyo, ulifutwa. Ila Clarrie alikwenda kwake asubuhi baada ya kuhesabu, akaung'oa kwenye orodha wimbo mmoja kati ya nyimbo zake mwenyewe, akampa santuri yake na kumwambia nafasi hiyo ni ya Merle. Noelene akaongeza, "Sasa usianze kunieleza kitu, Mwalimu. Nenda ukasikilize."

Nilisikiliza garini, katikati ya magari ya mifugo. Merle akaingia ubeti wa pili. Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Mwishoni, kodiani ikiwa bado inahema, anasikika akiuliza: "Athol, tumemaliza?" Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikarudisha nyuma. Mara kumi na moja.

Clarrie akagonga kioo. Maneno yake ya kwanza kwangu kwa miaka ishirini na miwili: "Ungegonga mlango tu, Profesa. Ningekuwekea chai, ukasikiliza mpaka uchoke." Nikamwambia nililifikiria jambo hilo. Akasema barua yangu ameisoma, na kwamba mchimba kaburi ananisalimu. Tukashikana mikono. Nikaapa moyoni: sitafanya hila tena.

Ila kusema kweli, wamepunguza kodiani. Haisikiki vizuri. Na Noelene anasema kaseti zimekwisha zote, kwa hiyo Pasaka watatoa ya pili, kwa utaratibu ule ule wa mitungi. Nyimbo nane zilizobaki, tano ni zangu. Hapo ndipo ilipo faida nyingine ya vibao bora, ambayo sikuitaja: huweza kuwa na juzuu ya pili.

Wakati wa kurudi nilipitia nyuma ya klabu. Ndege walikuwa wamelala. Nimeokota vizibo hamsini na viwili. Vyote vya bia.

Mikono ilijaa, kwa hiyo kaseti nimeiacha garini, juu ya dashibodi, niisikilize kesho nikitoka kanisani. Redio inasema kesho ndiyo siku ya kwanza ya joto kali msimu huu. Digrii thelathini na tisa. Vizuri, vizibo vitakauka haraka.