Vita vya Mnadani na Neno Moja la Danford wa Mjimwema

Tegeni masikio, enyi wenyeji wa nyanda za baridi, nanyi mlioteremka kwenye malori pale njia panda ya Makambako mkasema mtalala usiku mmoja tu, na hata leo mngalipo na wajukuu mnao. Wekeni majembe chini, sogezeni vigoda karibu na moto, kwa maana nawaletea habari ya shujaa ambaye hakuua simba, hakuvuka mto uliofurika, wala hakurudisha ng'ombe walioporwa. Aliandika neno moja. Nami naisimulia kama nilivyoiona, kwa kuwa ndimi Gideoni, mzee wa kanisa pale Mjimwema mjini Njombe na mnadi wa sadaka za mavuno, na kengele iliyolia katika vita vile ilikuwa mkononi mwangu.

Jina lake Danford. Danford mwenye kalamu, Danford mwana wa maneno, Danford mvaa koti la sufu lenye vifungo vya shaba. Hapo kale alikuwa karani wa ushirika, na ushirika ulipoanguka katika miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wenzake wakajitoa kimasomaso, huyu akapasua mbao, yule akauza mitumba, wengine wakarudi kwenye viazi. Yeye akatangaza kwamba amekuwa mtunzi wa riwaya. Hakuna mchapishaji aliyemwita, naye akajivunia hata hilo, akasema yeye ni mtunzi huru. Na kweli alikuwa huru: huru na jembe, huru na kuni, huru na kila kazi iliyomwamsha mkewe Tabea tangu jogoo la kwanza.

Riwaya yenyewe aliiita Upanga wa Kitulo. Ilikuwa habari ya kijana wa Mawengi aliyepanda uwanda wa Kitulo kwenda kulipa kisasi, na kisasi cha nini sijui, maana kilibadilika kila mwezi. Wafalme wa kale walikuwa na wapiga mbiu. Danford alikuwa mpiga mbiu wake mwenyewe. Ulimsalimu kwa kamwene njiani, naye hakuitika mpaka amekuarifu sura imefika wapi. Na sura siku zote ilikuwa imefika pale pale: amebakiza moja. Watoto walizaliwa, wakabatizwa, wakaanza shule, na sura moja ikabaki.

Kilichomponza ni Makambako. Huko aliishi Halfan, mzaliwa wa Ujiji, mnunuzi wa viazi mwenye lori lake, ambaye nyuma ya soko alikuwa na banda la video linalokwenda kwa jenereta, na ndani ya kabati alikuwa na kamera aliyoagiza Dubai kwa ajili ya kupigia picha za harusi. Danford akishuka Makambako kutazama video, hakurudi na hadithi aliyoondoka nayo. Akiona picha ya Wachina, kijana wa Mawengi aliamka kesho yake akijua kurusha mateke hewani. Akiona ya Kihindi, kijana yule yule alisimama mvuani akiimba na mchumba wake akizunguka mti, ingawa kila aliyefika Kitulo anajua kwamba kule ni majani na maua matupu, mti wa kuzungukwa haupo.

Siku moja alimwomba Halfan aigeuze riwaya kuwa sinema. Halfan, kwa adabu ya mtu wa biashara asiyetaka kumkata mteja, alimjibu kwamba alete kwanza hadithi iliyokwisha, kwani hawezi kumpiga picha mtu ambaye haijulikani kama yu hai au amekufa. Jibu hilo Danford alilibeba mpaka Njombe kama mkataba uliotiwa muhuri. Mji mzima ukaambiwa sinema inakuja, akaanza kugawa nafasi za uigizaji, na mimi, mzee wa kanisa, akanipa nafasi ya mchawi bila hata kuniuliza.

Hapo ndipo Tabea alipochoka. Alisimama mlangoni na kikapu mgongoni, akamhutubia mumewe na sisi majirani tukisikia: "Baba Idda, mkulima hupimwa kwa mavuno. Mimi nimepanda, nimepalilia, nimechimba, nimebeba. Wewe umelima karatasi, na mimi sijakunyima mafuta ya taa. Sasa sikukuu ya mavuno inakuja. Kikiwa kitabu kimeiva siku hiyo, andika mpaka uzeeke. Kikiwa kibichi, kalamu naiweka darini, na jembe utalishika pamoja na sisi."

Shujaa wetu akaapa kwamba kimeiva. Alikuwa anasema uongo, na alijua kwamba anasema uongo. Lakini akili ya mtu mvivu haikosi mbinu, naye akawaza kwamba kitu kinachowekwa madhabahuni siku ya mavuno nani atakiita kibichi? Basi Jumapili ile ya Julai, umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi, akaingia kanisani na riwaya yake imefungwa kwenye kitenge, akaipitisha mbele ya waumini wote kwa mwendo wa pole, akailaza kati ya boga la Esnath na beberu aliyefungwa kamba. Akarudi kwenye benchi akitazama kushoto na kulia.

Sasa elewa kosa lake, maana ndilo lililozaa vita. Sisi tuna ibada mbili. Kabla ya mvua tunapeleka mbegu, zinaombewa, na kila mtu anarudi na zake nyumbani akapande. Wakati wa mavuno tunapeleka mazao, na hayo hayarudi. Yanatolewa nje na kunadiwa, na anayeyataka ayanunue. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Danford hakulijua vizuri, kwa sababu miaka yote mbegu na mazao ya nyumba yake vilipelekwa na mkewe, naye alikuwa ameketi kwenye benchi akifikiria Kitulo. Ibada ilipokwisha akanyoosha mkono achukue kitenge chake.

Nikamshika kifundo cha mkono. Nikamwambia, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwaya: "Danford, kilicholazwa madhabahuni hakirudi nyumbani kwa hisani. Kitarudi kwa mnada, au kitakwenda na mwingine." Rangi ilimtoka usoni. Ilikuwa nakala yake pekee.

Tukatoka nje, na uwanja wa vita ukapangwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa. Kwaya ilisimama kulia. Kushoto, juu ya ngazi, alisimama Halfan na kamera begani, kwani wanakwaya walikuwa wamemwita kuja kuwapiga picha, naye kila mwaka alikuwa akipitia mnadani kununua viazi. Desturi yetu mnadani ni kwamba asiye na fedha anataja alicho nacho. Maboga yalikwenda, mayai yakaenda, beberu akaenda huku akilia. Kisha nikainua kitenge, nikakifungua, nikatangaza mzigo wa karatasi zilizoandikwa upande mmoja.

Esnath akapenya kati ya watu. Mjue Esnath: malkia wa karanga pale stendi, mwenye vidole vinavyokunja karatasi kuwa kikofia cha karanga kabla abiria hajamaliza kuagiza. Alizipima karatasi kwa kiganja, akazinusa, akaridhika. Akataja debe la viazi.

Danford akatazama huku na huku kutafuta silaha, na silaha hana. Kuku ni wa Tabea, viazi ni vya Tabea, hata jembe aliloapa kulikimbia ni la Tabea. Basi akainua mkono, akatoa hotuba, akimwahidi Esnath nafasi ya mama wa shujaa katika sinema, pamoja na kaburi zuri la kulilia. Esnath alimjibu kwamba mama yake mzazi bado yu hai, na karanga zake zinahitaji karatasi. Akaongeza jogoo juu ya debe. Nikauliza mara ya kwanza. Nikauliza mara ya pili. Kengele nimekwisha kuiinua.

Hapo ndipo Danford, mwana wa maneno, alipokosa maneno kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akafungua kifungo kimoja cha shaba, kisha kingine. Akavua koti. Ndani alikuwa na shati jepesi lililochakaa kwenye viwiko, na upepo wa Julai ukalipitia kana kwamba halipo. Akaliweka koti juu ya meza yangu, akarudi nyuma, akajikumbatia mabega.

Esnath alimtazama, akalitazama koti, akarudisha jogoo wake kwapani. "Mimi nilikuja kutafuta karatasi," alisema, "sikuja kupigana. Mtu anayevua koti Njombe mwezi wa saba ana homa, au kweli anakipenda kitu chake. Mpeni." Nikapiga kengele. Nakiri kwamba niliipiga polepole.

Lakini koti nalo sasa lilikuwa mali ya kanisa, nami ni mnadi, sina ndugu mnadani. Nikaliinua. Kabla sijafumbua kinywa, Tabea alikuwa amekwisha kuja na kuku wake mweusi, yule anayetaga kila siku, akamweka mezani, akachukua koti, akalivaa yeye mwenyewe juu ya kitenge chake. Hakuna aliyethubutu kuongeza.

Halfan akashuka ngazi, kamera bado begani inawaka. "Bwana mtunzi," akasema, "kama umelipa koti, basi mzigo si mdogo. Hadithi imekwisha? Nisomee mwisho wake."

Danford akafunua. Sote tukaona, na Tabea akaona kuliko sote: kurasa za mwisho zilikuwa nyeupe. Nilitazamia aseme tena uongo, na nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumpokea. Hakusema. Alimgeukia mkewe. "Mama Idda, sijui namna ya kukimaliza. Nikimuua, sinema haitakuwa na sehemu ya pili. Nikimwacha hai, hakuna atakayelia. Nimeshindwa tangu Idda ananyonya."

"Huyo kijana ana mama huko Mawengi?" Tabea aliuliza.

"Anaye."

"Ametoka nyumbani lini?"

"Sura ya kwanza."

"Basi mrudishe," alisema Tabea, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Mama yake anavuna peke yake."

Watu walicheka. Danford hakucheka. Aliketi juu ya debe la viazi la Esnath, akaweka karatasi juu ya boga, akatoa kalamu. Na sasa, enyi wasikilizaji, lisikieni tendo lenyewe, ambalo babu zetu waliokwenda vitani na ngao za ngozi hawakupata kulitenda. Kalamu iligoma. Wino ulikuwa umeganda kwa baridi. Akaipulizia, ikagoma. Akaitia kwapani, akaibana, akiugua kama mzazi mwenye uchungu, na mji mzima ukingoja kwapa la mtu mmoja. Akaitoa, akaandika mstari mmoja: kwamba kijana aliuweka upanga darini, akachukua jembe, akamfuata mama yake. Kisha chini yake, kwa herufi kubwa zilizotetemeka kama mzee anayevuka daraja la mti, akaandika MWISHO. Halfan alikuwa ameinama juu yake na kamera mpaka pua yake inakaribia boga.

Tabea akaisoma mara moja, akasema kimeiva. Alikuwa mtu wa neno lake: kalamu haikwenda darini. Ila koti lilikuwa lake kwa haki ya mnada, naye akatoa amri kwamba Danford atalivaa asubuhi za kwenda shambani, na wakirudi atalivua. Tangu siku hiyo hajakosa shambani hata asubuhi moja yenye umande.

Na sinema? Halfan aliisoma riwaya yote, nampongeza kwa hilo, akarudisha jibu kwamba farasi hana, ndege ya kuanguka hana, na mti wa kuzungukwa Kitulo hakuuona. Habari ingeishia hapo, ningewaruhusu mrudi majumbani, lakini wanakwaya walikwenda Makambako kujitazama, na baada ya nyimbo ule mkanda haukuisha. Ulifuata mnada, ambao Halfan hakuukata. Madereva waliokuwa wakingoja mizigo wakautazama, wakaomba urudiwe. Wiki iliyofuata waliuomba kabla ya Wachina. Wakauita picha ya mwenye koti.

Siku tuliyoteremka sisi wa Mjimwema kwenda kuitazama, banda lilijaa mpaka mlangoni. Haikuwa siku ya shamba, kwa hiyo koti lilikuwa mabegani mwa Tabea, na Danford aliketi kando yake na shati lake, hakuna aliyemtambua. Kwenye televisheni nilionekana mkono tu na kengele. Danford alionekana akifungua vifungo, na banda zima likacheka, naye akainama akitazama viatu vyake. Nilimhurumia. Andikeni kwamba nilimhurumia, maana halitatokea tena.

Kisha picha ikafika kwenye boga. Halfan hakuwa na mtambo wa kuandika maneno kwenye mkanda, na kila picha inastahili kufungwa kwa neno, basi alikuwa ameiacha karatasi ikae hapo. MWISHO, mwandiko wa karani wa ushirika uliokufa, ulijaa kioo kizima, mkubwa kuliko uso wa mtu. Danford akasimama. "Huo ni mwandiko wangu," akasema, na dereva mmoja nyuma akamwambia akae, anawakinga wenzake.

Tabea akasimama pia. Akavua koti, akamvika mumewe mbele ya banda zima, akamfunga vifungo vya shaba kimoja kimoja kama mtu anayemvika mtoto wa shule. Yule dereva akalitambua koti. Kisha akaanza kupiga makofi, na banda lote likamfuata.

Basi na ikumbukwe, enyi mtakaokuja baada yetu: katika miaka ya ruksa, kati ya kurasa zote alizoziandika Danford wa Mjimwema kwa mafuta ya taa ya mkewe, neno moja lilifika kwenye kioo cha Makambako, na watu wakalipigia makofi. Mimi nafasi ya mchawi sikuipata, na sasa hata nikiitaka, hakuna wa kumwomba, kwa maana asubuhi Danford yuko shambani.