Nani Asimame Katikati

Jumapili, 8 Juni 2025

Nimeamua. Jumamosi nasimama katikati.

Nieleze vizuri, ili mwanangu Lerato akija kusoma asipotee. (Ana miezi saba. Jina la Kisotho alilichagua baba yake, Polycarp, eti shuleni wasimsumbue.) Tuko waimbaji watatu hapa ugenini, mtaa wa Bellevue: mimi, Falonne msusi, na Arlène mshonaji. Wao Wakongo, mimi wa Morogoro. Tunaimba disko la zamani, mikono yote kulia, mikono yote kushoto. Katikati husimama Falonne. Kwa nini? Ana sauti, wanasema. Na mimi nina nini, kikohozi?

Jumamosi Mama Evarista anatimiza miaka sitini na tano. Sherehe iko Fordsburg, ukumbini kwa mwanawe Clinton. Tukipendeza, Clinton atatupa nafasi ya kuimba pale kila mwisho wa mwezi. Litabandikwa bango. Kwenye bango wa katikati huonekana mzima, wa pembeni hukatwa sikio. Sitaki mwanangu akue akionyeshwa mama mwenye sikio moja.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kwa Mama Evarista kujifunza nyimbo anazozipenda. Mtoto mgongoni, baridi kama kisu. Mama huyu ni wa kwetu. Aliolewa na Mzee Thabo, mwenyeji wa huku, wakati mzee anaishi uhamishoni Morogoro, wakahamia huku wote. Kumbe ujanani naye alikuwa na kikundi! Wasichana watatu, Kasoro Bahari. Raizoni miguuni, suruali za bugaluu, afro kubwa kama sinia. Walirekodi nyimbo mbili, zikapigwa redioni. Wakaitwa mpaka Dodoma. Baada ya miaka minne, kimya.

Nikauliza kikundi kiliuawa na nini. Akasema, mwanangu, tuligombania kusimama katikati. Mmoja alifikia kumwaga maji jukwaani ili mwenzake ateleze. Wale dada zangu hadi leo hatusalimiani. Akanishika mkono, akaniomba nilikumbuke hilo.

Nitalikumbuka. Nikamuuliza nani alikuwa anasimama katikati. Yeye. Na leo nani anafanyiwa sherehe? Yeye. Basi.

Jumanne, 10 Juni

Maji hapana. Maji yanaonekana.

Falonne ni mtu wa maombi. Kanisa lao liko mjini, ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa la ofisi. Nikamfuata saluni, nikamsifu mpaka akaacha kusuka. Nikamwambia kipaji kama chake shetani anakivizia, mimi ningekuwa yeye ningefunga. Siku tatu, mfungo mkavu, bila hata maji. Alhamisi aanze, Jumamosi saa tisa alasiri amalize. Saa tisa ndiyo sherehe inaanza. Hapo atakuwa hana nguvu ya kushika hata maiki.

Falonne alitokwa machozi. Akasema, dada yangu, Mungu amekutumia.

Roho ikanisuta kidogo. Nikala magwinya mawili ya moto pale nje, maandazi ya huku, ikapita.

Jumatano, 11 Juni

Eish! Falonne kalipeleka wazo langu kanisani. Sasa wanafunga akina mama kumi na wanne. Tena anasema kikundi ni mwili mmoja, kwa hiyo na mimi na Arlène tufunge. Nikadakia, jamani nanyonyesha! Akafikiri. Akasema sawa, Mama Lerato, wewe kula. Wewe utafunga maneno. Kimya mpaka Jumamosi, isipokuwa kuimba. Arlène atanichunga.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepanda teksi na Arlène kwenda Yeoville kununua vifungo. Teksi za huku ni daladala zisizo na kengele: ukitaka kushuka lazima umpigie dereva kelele. Arlène amefumba macho, anaomba. Mimi mdomo umefungwa. Nikagonga kioo. Nikapunga mkono. Dereva akaniona kwenye kioo chake, naye akanipungia, mtu mwema sana.

Tumeshukia mjini, kituo cha mwisho. Tumerudi kwa miguu, kilima chote, mtoto mgongoni. Arlène ndiye mwenye njaa, na ndiye aliyetangulia.

Ijumaa, 13 Juni

Mazoezi. Siku ya pili Falonne hajatia kitu mdomoni. Nilikuwa nangojea mnong'ono. Katoa sauti hiyo mpaka mama mwenye nyumba, ambaye hatupendi, akazima televisheni asikilize.

Zamu yangu ikafika. Sauti iliyolala siku mbili: mlango wa bati. Lerato akalia. Baadaye nikambembeleza kwa midomo tu, wimbo mzima bila sauti, akanishika pua akacheka.

Sikati tamaa. Mtu mwenye njaa huanguka ghafla.

Jumamosi, 14 Juni, jioni

Hakuanguka.

Saa tisa mfungo uliisha. Saa tisa sherehe ilianza. Hesabu ni yangu mwenyewe! Falonne kaingia na akina mama wote kumi na wanne, wametoka kanisani moja kwa moja. Waalikwa walikuwa bado. Kadi ilisema saa tisa, na mtu wa kwetu akisoma saa tisa anaanza kuoga. Mzee Thabo, kwa heshima zake, akasema wageni wakaribie. Wakakaribia. Pilau la watu sitini. Waalikwa walipofika, sufuria ilikuwa na vijiti vya mdalasini tu.

Clinton akakimbilia madukani kutafuta sambusa. Mama Evarista, na wigi lake la afro, akauliza kwa upole ni nani aliyewaleta hawa.

Falonne akashika maiki kutoa ushuhuda. Akasema mfungo huu ni zawadi ya dada Hyasinta, mtumishi asiyejisifu. Akanivuta mkono, akaniweka katikati. Akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele. Waliokuwa na sahani tupu hawakupiga.

Mama Evarista akaichukua maiki, akanikabidhi. Akasema haya, mama wa mfungo, tuimbie.

Nikafungua mdomo. Bati. Mstari wa pili haukufika. Mama akaja, akaniondolea maiki mkononi taratibu kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, akaimba mwenyewe. Falonne akasimama kulia, Arlène kushoto. Mikono kulia, mikono kushoto. Ukumbi wote ukainuka. Wazee walilia. Hata mimi.

Jumapili, 15 Juni

Clinton kapiga simu. Nafasi ya kila mwezi wamepata Falonne na Arlène. Wawili tu. Mama yake ndiye aliyetaka hivyo: anasema wawili hawana katikati ya kugombania.

Polycarp anashauri niende nikamwombe Falonne msamaha. Wa nini? Sauti yake si imekuwa nzuri zaidi?

Wawili! Mama Evarista ni mtu wa zamani, hakufikiri. Wawili wakisimama, kati yao panabaki uwazi. Nimeweka viti viwili hapa chumbani, mahali pa Falonne na mahali pa Arlène, nikaingia katikati.

Natosha. Hata nikiwa na Lerato mgongoni, natosha.