Onyo la Miaka Elfu Kumi

Kwa heshima na taadhima, naujulisha umma wa sasa, na ule ambao haujazaliwa, kwamba Kamati ya Onyo la Kudumu imekamilisha kazi yake. Mimi ndiye katibu. Nina shahada mbili, na siku ile kijijini Miteja, Kilwa, hazikunisaidia hata moja.

Nyuma ya mikorosho ya Bi Mwanaasha, bibi mmoja wa kijiji hicho, zimezikwa taka za nyuklia. Zitaendelea kudhuru watu kwa miaka elfu kumi. Kwa kuwa huko mbele huenda asiwepo anayejua Kiswahili, tulitakiwa kubuni onyo lisilo na maneno. Wananchi wa leo hawakuwemo katika hadidu za rejea, kwa hiyo waliambiwa ni ghala la vifaa.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia Bi Mwanaasha siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie kweli, humo mmefukia nini? Wajukuu zangu wanashinda hapo wakicheza."

"Bibi, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi."

"Ala! Kwani nimeuliza swali gumu?"

Gumu sana. Jibu lake lilikuwa limetengewa vizazi vijavyo.

Tukasimamisha mawe marefu yaliyochongoka. Tukaweka mabomba yanayolia upepo ukivuma. Bado nikaona hapatishi. Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha uvunguni: nikaagiza kila jiwe litundikwe vitambaa vyekundu, vyeupe na kaniki. Pafanane na mzimuni, nani atathubutu kusogea? Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Ignatius, ambaye hajawahi kukanyaga Miteja, alisaini mchoro huko Dar es Salaam bila hata kuukunjua.

Mzimuni watu hawakimbii, jamani, wanakwenda! Hilo linajulikana pwani nzima isipokuwa kwenye kamati yangu. Haukupita muda, wakaja wa Somanga na ubani, wa Mchinga na marashi. Anayetafuta mtoto yumo, mwenye kesi yumo, timu ya mpira nayo ikamleta kipa wake anayefungwa ovyo. Kila mtu aliondoka na udongo wa kujipaka. Kwenye ripoti nikaandika: "Mwitikio wa wananchi ni wa kuridhisha."

Bi Mwanaasha akanifuata palepale kwenye mawe, kamshika mkono mjukuu wake Naima. Nikamwamkia, hakuitikia.

"Huyu alikuwa na homa, nikampaka udongo wa hapa. Nimemponya au nimemuua?"

Nilimwonea huruma, nikajionea aibu, kisha nikamwambia suala lipo ngazi za juu.

Ngazi za juu zikafika muda uleule, kwenye gari la vioo vyeusi. Akashuka mtu kifua wazi, shuka jeupe kiunoni, ameongozana na mganga. Alikuwa Mheshimiwa Ignatius! Alikuwa anautaka uwaziri, na mganga alikuwa amemwambia kuna mzimu mpya Kilwa usiomnyima mtu. Akapakwa udongo kifuani. Mwingine ukakorogwa kwenye kikombe, anywe.

Itifaki ikanitoka kichwani.

"Mheshimiwa, usinywe! Chini hapo ndipo zilipo taka za nyuklia! Udongo huo ni hatari!"

Kikombe kikamponyoka.

"Taka? Sasa mbona hamkuweka onyo?" akafoka, anajifuta kifua kwa shuka. "Mnataka watu wafe?"

"Onyo ndilo hili, Mheshimiwa. Ulilisaini mwenyewe."

Weee! Watu walitimua mbio, mganga akiwa mbele yao wote. Mawe, mabomba na kaniki havikuwa vimemfukuza mtu hata mmoja, ila sentensi moja ya Kiswahili ilipasafisha pote.

Bi Mwanaasha hakukimbia. Alifungua mlango wa mbele wa gari la Mheshimiwa, akampandisha Naima, naye akakaa pembeni yake.

"Hospitali," akamwambia dereva.

Mheshimiwa na mimi tukabanana nyuma, tukinukia ubani.

Tulipofika, daktari akauliza nani aanze kupimwa. Mheshimiwa akanyoosha mkono. Bi Mwanaasha akaushusha.